Brashi Hailali Imesimama

Kanuni yake ilikuwa fupi: brashi hailali imesimama. Anayetaka kujua maana yake na aiache brashi yenye rangi ndani ya kopo la maji, nywele zikigusa kitako cha kopo, kisha aifuate asubuhi. Ataikuta imepinda kama mkia wa mbwa, na kama mkia wa mbwa haitanyooka hata ukiifunga kwenye kijiti mwezi mzima. Brashi ya namna hiyo haiwezi kukata mstari kati ya ukuta na dari. Fundi ataishia kuficha makosa kwa kuongeza rangi, na rangi ikizidi itachuruzika.

Mwenye kanuni hiyo alikuwa mwanamke, fundi rangi kwa miaka kumi na tisa, kumi na mmoja kati ya hiyo akimfanyia kazi mkandarasi mmoja. Wenzake walimwita Mama Mifuko, na jina hilo halikuwa la heshima. Kila jioni alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa chini juu, akazishughulikia zana zake moja baada ya nyingine. Brashi ya rangi ya maji, kama kesho ilikuwa na kazi na rangi ileile, aliikamua kwenye ukingo wa ndoo, akaivisha mfuko wa plastiki, akaubana kwa viganja mpaka hewa yote itoke, kisha akaufunga shingoni kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Brashi ya rangi ya mafuta alikuwa ameitoboa mpini. Alipitisha waya kwenye tundu, akaining'iniza ndani ya kopo la mafuta ya taa, nywele zikizama zote lakini ncha ikibaki juu ya kitako kwa upana wa kidole. Rola aliikwangua kwa mgongo wa kisu mpaka ikome kudondoka, kisha nayo ikaingia mfukoni. Kazi ikiisha kabisa aliziosha zote kwa ndoo tatu za maji. Maji ya ndoo ya tatu yakibadilika rangi, alirudi ndoo ya kwanza bila kunung'unika.

Mambo haya yote yalichukua nusu saa.

"Mama Mifuko, watoto wamelala?" walimtania.

"Wa kwangu wamelala," alijibu bila kuinua kichwa. "Wa kwako uliwatupa wapi?"

Msimamizi wa kazi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mama Mifuko mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye ufundi huo: alimshikisha brashi ya kwanza, akampandisha ngazi ya kwanza, akamvumilia miaka miwili ya kumwaga rangi sakafuni. Shemeji alikuwa na mdomo mtamu na miguu myepesi, na haikupita miaka mitano akawa msimamizi. Mwalimu wake alibaki juu ya ngazi. Hakumwonea kijicho. Alisema kila mtu ana ngazi yake.

Lakini mwaka ule ngazi yake ilikuwa imeanza kumshinda. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na goti la kulia lilivimba kila Ijumaa. Mkandarasi alitaka kuteua mkuu wa mafundi rangi, mtu wa kuzunguka kwenye majengo yote na kukagua kazi huku miguu yake ikikanyaga chini. Nafasi kama hiyo haikuwahi kuwepo, na hakuna aliyedhani itatokea tena. Jina lilipaswa kupelekwa na msimamizi. Shemeji alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha kaka yake na kusema, "Shemeji, jina lako ndilo la kwanza na ndilo la mwisho." Siku hiyo Mama Mifuko alilala akiwa amelifunga goti kwa kitambaa cha moto, akihesabu majengo atakayoyakagua bila kupanda chochote.

Kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa wodi ya wazazi: vyumba kumi na viwili na korido ndefu. Juu ni rangi ya maji, nyeupe ya maziwa. Chini, mpaka usawa wa bega, ni rangi ya mafuta ya kijani, ili ukuta uweze kufutwa kwa kitambaa. Walipewa wiki tatu.

Jumatatu ya kwanza shemeji aliweka pipa la maji uani na kutoa amri. Ikifika saa kumi na moja kasoro dakika tano, brashi zote na rola zote ziingie pipani kama zilivyo. Saa kumi na moja kamili lori linaondoka. Hakuna mifuko, hakuna waya, hakuna kukwangua. Alieleza kwamba mafundi kumi na wawili wakipoteza nusu saa kila mmoja, ni saa sita zinazopotea kila siku. Hesabu ilikuwa sahihi. Mtu mwenye hesabu sahihi mkononi huwa mgumu kuambiwa neno, na huyu hakutaka kuulizwa rangi ya mafuta na rangi ya maji zitafanyiana nini humo pipani mpaka asubuhi.

"Zangu haziingii humo," Mama Mifuko akasema.

"Shemeji, hili si ombi."

"Nimesikia kwamba si ombi. Mimi pia siombi."

Mafundi waliacha kukoroga rangi. Shemeji alicheka kidogo, kama mtu aliyeguswa kidonda mbele ya wageni, akamwambia kwamba lori halitamsubiri.

"Miguu ninayo," akajibu.

Aliitumia. Kila jioni kwa wiki tatu lori lilitoka getini wenzake wakimpigia mbinja, naye akabaki peke yake juu ya ndoo yake, akiifunga mifuko. Kisha akatembea kilomita sita mpaka nyumbani, mguu wa kulia ukiburuzwa nyuma ya wa kushoto. Siku moja fundi mmoja mrefu, mtu asiye na roho mbaya, aliomba lori lisimame kidogo. Shemeji akamwambia kwamba anayemhurumia anaruhusiwa kushuka amsindikize. Fundi mrefu hakushuka.

Pipa nalo lilifanya kazi yake. Mafuta ya rangi ya kijani yalielea juu ya maji kama supu iliyopoa, na kila rola iliyotolewa asubuhi ilipita kwenye utando huo. Waliikamua kwa mikono, lakini rola ni kama sifongo, haiachii maji yote. Ukuta ulipokauka ulikuwa na michirizi, hapa mizito, pale myepesi. Palipogusa mafuta, rangi ilikataa kushika, ikaacha vishimo vya mviringo mithili ya makovu ya ndui. Walirudia mara ya pili kwa rola zilezile, vishimo vikarudi. Shemeji akawaambia vitapotea vikikauka vizuri.

Mkaguzi wa hospitali alikuwa mtu mfupi mwenye tochi. Hakuzimulika kuta kwa mbele. Aliilaza tochi ubavuni mwa ukuta, na kila ila ikatoa kivuli chake. Alikataa vyumba kumi. Vilivyopita ni vyumba viwili na korido, na kila mtu pale alijua ni mkono wa nani uliovipaka.

Mkandarasi mwenyewe alikuwa aje kesho yake asubuhi. Jioni hiyo, jua halijazama, shemeji alifika nyumbani. Kaka yake alikuwa barazani akishona sare za shule kwa cherehani, na mkewe alikuwa amenyoosha mguu juu ya stuli. Safari hii shemeji hakukaa. Alieleza kwamba mafundi wote wamekubaliana: rangi ililetwa mbovu kutoka dukani. Aliyebaki ni Mama Mifuko. Vyumba vyake vilipita, kwa hiyo mkandarasi atamuuliza kwa nini, na neno lake huaminiwa.

"Useme tu ndoo zako zilikuwa za mzigo mwingine. Neno moja, shemeji. Wiki ijayo napeleka jina lako."

"Zilikuwa za mzigo uleule. Nilizishusha mwenyewe kwenye gari."

"Mwenye duka hatumjui. Hana undugu na sisi."

"Ndiyo maana hana wa kumtetea."

Shemeji alimgeukia kaka yake, akimwachia yeye aseme. Cherehani ilisimama.

"Ni mdogo wangu," mume akasema taratibu.

"Najua. Nilimshikisha brashi mimi. Nilimfundisha inavyolazwa. Hakusahau, aliacha kwa makusudi."

Mume aliuchunguza mshono uliokuwa mkononi mwake kana kwamba ulikuwa na kasoro. Mwishowe alisema, "Basi kaseme unachojua. Mama niachie mimi." Alimaanisha mama yake mzazi, ambaye mtoto huyu wa mwisho ndiye mboni ya jicho lake. Shemeji aliondoka bila kuaga, na cherehani haikulia tena jioni ile.

Asubuhi mkandarasi aliwauliza mmoja mmoja. Wote walisema rangi mbovu, na fundi mrefu alisema hivyo huku akitazama viatu vyake. Ilipofika zamu yake, Mama Mifuko hakuanza na maneno. Aliomba ndoo iliyotumika kwenye chumba kilichokataliwa. Akafungua mfuko wake, akatoa rola, akaichovya na kupaka upande wa kushoto wa ubao mkavu. Kisha akaenda uani, akatoa rola pipani, akaikamua kama walivyokuwa wakizikamua wao, akaichovya kwenye ndoo ileile na kupaka upande wa kulia. Waliusubiri ubao ukauke. Mafundi waligundua ghafla kwamba kucha zao zinahitaji kusafishwa. Upande wa kushoto ulikauka laini. Wa kulia ukatoa vishimo kimoja baada ya kingine, mbele ya macho yao.

"Rangi ni nzima," akasema. "Zana ndizo zililala vibaya."

Mkandarasi aliuliza pipa ni amri ya nani. Mama Mifuko alimgeukia shemeji yake na kumpa nafasi, ndefu ya kumtosha mtu mwenye aibu kusema 'ni mimi'. Shemeji alitumia nafasi hiyo kulalamika kwamba mwanamke huyu alikaidi amri kwa wiki tatu na kuwavuruga wenzake.

"Ni kweli nilikaidi," akasema. "Ilikuwa amri yake, na nilimkatalia siku ya kwanza mbele ya hawa wote. Leo hii akiitoa tena, nitaikataa tena."

Shemeji aliondolewa usimamizi siku hiyohiyo. Pipa liligeuzwa, maji ya kijani yakaingia mchangani, na vyumba kumi vikaanza kupigwa msasa upya.

Wiki iliyofuata mkandarasi alimwita Mama Mifuko pembeni. Alimshukuru, kisha akamwambia wazi kwamba mtu anayekataa amri mbele ya mafundi hawezi kuwekwa juu ya mafundi, kwa sababu nao watajifunza kukataa. Nafasi amempa fundi mrefu.

"Vema," akajibu. "Mwambie aanze kwa kujifunza kuosha brashi. Kwa wiki tatu alikuwa akizitumbukiza pipani kama wengine."

Alirudi kwenye ngazi yake. Jioni alikaa juu ya ndoo, akaifunga mifuko, akaining'iniza brashi ya kijani kwenye waya wake. Hakuna aliyeuliza kama watoto wamelala. Lori lilimsubiri, kwa kuwa mkuu mpya wa mafundi aliliamuru limsubiri, naye alipanda bila kutoa shukrani kwa kitu ambacho kilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo.

Wapo wanaosema angeweza kunyamaza tu, kwamba kunyamaza si kusema uongo. Lakini aliulizwa. Anayeulizwa akanyamaza amekwisha kujibu.

Ilimgharimu ukuu wa mafundi, ambao haukutolewa mara ya pili. Ilimgharimu goti la kulia, ambalo sasa halikunjiki. Na ilimgharimu shemeji: mwaka wa nne huu hajakanyaga nyumba ya kaka yake, na mama mkwe akija kuwaona wajukuu husalimia wote isipokuwa yeye.