Pikapu ya Nyuma

Kwaya yetu pale Tukuyu ilinituma nikague gitaa la umeme kabla haijalinunua, kwa kuwa niliwahi kuwa mpigaji katika bendi ya shirika la umma. Shirika lilikuwa limeuzwa, bendi imevunjwa, vyombo vimetawanyika. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, maduka yalijaa vitu vinavyong'aa, na hakuna ambaye hakuwa ametapeliwa saa au redio. Mama mwenyekiti wa kwaya alisema wazi: kama si vifaa vyake vya asili, hatununui.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kiislamu, mwenye meza ya vitu vilivyotumika pale sokoni. Alipolitoa gitaa nikalitambua papo hapo. Nilikuwa nimelipiga miaka sita. Wiki ile bendi inavunjwa, niliing'oa pikapu ya nyuma, kile kinasa sauti kilicho karibu na mkono wa kulia, nikapachika ya bei ya kutupa. Nilijiambia ndicho kiinua mgongo changu. Tangu hapo nilikuwa nimekufa ganzi, na hata siku hiyo sikushtuka.

Nikaanza kazi. Funguo za kukazia nyuzi zilikuwa zake. Skrubu nne za shingoni hazikuwa zimechubuka vichwa. Mama mwenyekiti alisimama begani kwangu pamoja na wanakwaya wawili, mwavuli wake ukichuruzika maji.

"Pikapu ya nyuma si yake," nikasema. Bisibisi ilikuwa bado mfukoni.

Kwa nini nilisema kweli, sijui. Nadhani uongo ulihitaji nguvu, nami sikuwa nayo. Ndipo nikafungua, nikawaonyesha: risasi ya kulehemu kwenye pikapu ya mbele imefifia, ya nyuma inang'aa.

"Mzee, unatuuzia sisi bandia? Tukapigie ibada?"

"Wallahi mama, mimi nimelinunua hivyo hivyo."

"Mwizi mkubwa!" Alisema kwa sauti, hadi wauza ndizi wakageuka. Kisha akaniambia, "Ndaga fijo, asante sana baba. Umetuokoa." Akaondoka na wenzake.

Nilibaki kurudishia skrubu. Mzee alinitazama mikono kwa muda.

"Mwanangu, ulijuaje kabla hujafungua?"

"Niliing'oa mimi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya kigoda chake, akavua kofia, akaivaa tena.

"Meza hii ni ya marehemu baba yangu," alisema. "Hakuitwa mwizi hata siku moja. Nenda kawaambie, wasikie kwa kinywa chako."

"Nitawaambia Jumapili, mzee."

Nilikusudia kweli. Jumapili nilikwenda mapema. Mama mwenyekiti alinisimamisha mbele ya kwaya nzima, akaeleza nilivyomuumbua yule mzee, wakanipigia makofi. Nikashukuru. Kisha nikaimba besi yangu, nyimbo zote tatu, nikarudi nyumbani kula.