Warsame na Picha za Mwanandani

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau, kila mtu mjini Meru alidaiwa picha ya kitambulisho, na mpiga picha wa mtaa wa Majengo alikuwa Warsame. Kutwa nzima alitazama nyuso zilizonuna. Hakuna aliyetabasamu, na serikali yenyewe haikutaka tabasamu. Ndipo Warsame, mtu mfupi mwenye moyo wa msanii, alipoanza kupenda makaburi.

Hakutaka ya juu. Alipenda ndani, pale kwenye mwanandani, shimo la ubavuni mwa kaburi ambamo Waislamu humlaza maiti. Alisema mwanga wa asubuhi ukiteremka juu ya udongo mwekundu na kuishia kwenye lile giza, hakuna bibi harusi anayependeza vile.

"Wenzako husubiri kubebwa," mkewe Faadumo alimwambia. "Wewe unakwenda kwa miguu yako!"

Asubuhi moja mwaka wa 1955, mchinjaji mmoja mzee alikuwa amefariki. Mchimba kaburi, Mzee Isaack, alipomaliza kazi alimteremsha Warsame shimoni na kamera yake ya miguu mitatu, kisha akaenda kunywa chai. Warsame akajifunika kitambaa cheusi, akaanza kuubembeleza udongo kama anavyobembeleza wateja.

"Tulia hivyo hivyo, mpenzi. Usipumue."

Mwiti, homgadi wa zamu, askari wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa akipita. Alichungulia akaona kitu cheusi chenye miguu mitano kikinong'ona. Mkuki wake aliuacha palepale, akatimua mbio.

Alirudi na wenzake pamoja na afisa kijana wa Kizungu, wakalizunguka kaburi.

"Ni handaki la Mau Mau, afande," Mwiti alisema. "Ama ni shetani."

"Toka! Mikono juu!" afisa akafoka.

"Afande, nikiinua mikono siwezi kupanda," Warsame akajibu kutoka chini. "Na nikipanda siwezi kuinua mikono."

Afisa akawaza sana. Jambo hilo hakufundishwa popote. "Basi mkono mmoja," akaamua.

Warsame akajaribu, akateleza, akaanguka chali, miguu ikaingia mwanandani. Papo hapo jeneza la mchinjaji likafika.

Imamu akatazama askari, akatazama shimoni. "Warsame, zamu yako bado. Mpishe mwenye kaburi."

Waombolezaji walicheka hadi jeneza likatuliwa chini lisije likaanguka. Mwiti akamvuta Warsame kwa mpini wa mkuki. Afisa, kwa aibu, akapiga saluti na askari wake wakajipanga mstari, na jamaa za marehemu wakajivuna miaka mingi kwamba mzee wao alizikwa kwa heshima za serikali.

Picha ilitoka safi. Warsame aliitundika studioni. Siku moja Munyi, mfanyabiashara wa miraa kutoka Laare, aliketi kupigwa picha, akaikodolea macho.

"Chumba hiki kiko hapa Majengo? Kimetulia sana. Kina mtu?"

"Kina mpangaji," Warsame akasema. "Hana kelele kabisa."

"Kingine kikipatikana, nikumbuke."

"Hutasahaulika, ndugu yangu. Sasa inua kidevu kidogo."