Maombi Yasiyo na Amina

Kazi yangu haina jina la maana. Mwenzangu hushika kamera, nami hukaa kando yake nikipiga gumzo na mtu mpaka asahau kwamba anarekodiwa. Wengi hudhani mwenye hofu hutulizwa kwa kuambiwa ajisikie huru. Sijaona maneno yanayomkaza mtu kuliko hayo. Mzee mmoja wa Kilungu, msemaji wa kila harambee kijijini kwao, aliganda mbele yetu kama nguzo ya ua, shati amelifunga vifungo hadi shingoni. Nilimwomba atuonyeshe maparachichi yake. Alipoanza kutugombeza kwa kukanyaga miche, nikajua mahojiano yameanza.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa kumpa mwoga kitu cha kufanya. Lakini mama mmoja wa kijiji cha Tulia alinishinda.

Binti yake alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, kisha simu yake ikazimika, na wakala aliyempeleka akaacha kupokea simu za mama. Mama alitaka jambo moja tu: Mkenya yeyote aliye kule aione video, aseme kama mtoto wake yu hai. Kituo chetu kidogo cha televisheni kilikubali kuirusha, hewani na mtandaoni. Kilichobaki ni yeye kusema.

Tulimkuta amevaa nguo za kanisani, majirani wamejaa uani kwenye viti vya plastiki. Taa nyekundu ya kamera ilipowaka, akasimama wima. Akasema Bwana asifiwe, majirani wakaitikia amina. Akamshukuru Mungu kwa uzima, kwa mvua iliyonyesha, kwa wageni waliotoka mbali. Akasema binti yake yuko kazini ng'ambo na Mungu anamtunza. Kisha akaketi. Alikuwa ametoa ushuhuda, kama afanyavyo kila Jumapili, na katika ushuhuda wa kwetu shida husimuliwa ikiwa imeshakwisha. Hakuna mahali pa kuiweka ile ambayo bado inakutafuna.

Nilijaribu kila ninachokijua. Niliwaomba majirani watupishe, wakahamia nyuma ya nyumba. Nilimletea ungo wa ndengu achambue tukizungumza. Alizichambua vizuri sana, akanijibu kwamba binti hajambo. Nikauliza chakula alichokipenda utotoni, na hapo pia tukaishia kwenye shukrani. Hasira ilinipanda, si kwake, bali kwa shukrani zile zilizokuwa zikimziba mdomo.

Alasiri tukakubali yaishe. Lakini kwa watu waliookoka wa Ukambani mgeni haondoki bila kuombewa, hivyo mama akasimama, nasi tukainamisha vichwa. Mwenzangu amelelewa kanisani. Alikuwa anaunyosha mkono kuizima kamera maombi yalipoanza, na mtu aliyelelewa vile hagusi kitu watu wakiomba. Akaurudisha mkono, akafumba macho.

Mama aliomba kwa Kikamba. Alituombea safari njema kwanza, bila haraka. Kisha sauti ikambadilika. Akamwambia Mungu kwamba halali, kwamba simu hukaa chini ya mto wake, kwamba binti hakutaka kwenda na ni yeye mama aliyemsukuma. Mwiitu wakwa, akawa anasema, binti yangu, tena na tena. Akamuuliza Mungu nguo za mtoto zilizobaki sandukuni azifue amngoje nazo, ama azigawe. Nililia nikiwa nimefumba macho. Tukasubiri amina ili tuyafumbue, na haikuja.

"Amina sisemi," akamwambia Mungu, "mpaka nisikie sauti yake."

Akaketi. Sisi tulibaki tumesimama, vichwa chini, hatujui kama ruhusa ya kuondoka tumepewa.

Ndipo tukaiona ile taa nyekundu bado inawaka. Nilimweleza mama yaliyotokea, tukamwonyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera, naye akajitazama mpaka mwisho. Nikamwambia akikataa tunaifuta hapo hapo, mbele ya macho yake.

"Hiyo nilikuwa naambia Mungu," akasema. Akausogeza ungo wa ndengu kando. "Lakini peleka tu, mwanangu. Hao wenye wako na yeye pia wasikie."

Tukairusha kama ilivyokuwa, na tafsiri ya Kiswahili chini yake.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa katika mji mdogo wa Salama, nimesimama kando ya barabara nikinunua mahindi ya kuchoma, malori yakipita kuelekea Mombasa. Simu yangu ikalia. Alikuwa mama. Hakunisalimia, na kwa mama wa umri wake hilo lilitosha kunitia hofu. Akaniambia binti amepiga, kwa simu ya Mkenya mwenzake aliyeiona video. Yu hai. Mkono wake umevunjika, na hajui atarudi lini, lakini sauti ni yake, mama ameisikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Na hatukumaliza ile maombi," akasema. "Funga macho."

Nikayafumba pale pale kando ya lami, hindi la moto mkononi. Nilimsikia akivuta pumzi, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. Amina ilipotoka ilikuwa ndogo sana, karibu imezwe na malori, nami nikaitikia kwa sauti ili ajue nimeisikia.