Kesi ya Piramidi Ilivyoamuliwa Ng'ambo ya Mto Mara

Nilitoka Turwa kwa sababu ya ubishi. Mimi na Mwalimu Ouma tunafundisha historia shule moja huko, na muhula mzima tulikuwa tukivutana kuhusu piramidi za Misri. Yeye alisema zilijengwa ziwe makaburi ya wafalme. Mimi nikisimama ubaoni nasema: majeneza ya mawe yamekutwa matupu, sasa kaburi gani halina maiti? Wanafunzi walipiga meza kwa furaha, nami, nakiri, napenda kupigiwa meza.

Hoja hiyo nilikuja nayo kutoka nyumbani. Kaka yangu Tobia alizama Ziwa Nyasa miaka tisa iliyopita na hakuonekana tena. Tangu siku hiyo Mama hafungi mlango kwa komeo, eti Tobia akirudi asikute kumefungwa. Ndugu walishauri tumjengee kaburi. Mama akaniuliza mimi, msomi wa familia. Nikamjibu kwamba kaburi bila mwili ni uongo uliopigwa saruji. Hakuniuliza tena.

"Twende kwetu Serengeti Jumamosi," Ouma alisema. "Ushahidi upo. Ukishindwa, utakiri mbele ya kidato cha tatu." Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Saa moja asubuhi tulijaza mafuta Bomani, tukaondoka na pikipiki yake. Kubishana juu ya pikipiki ni kazi: unampigia mwenzako kelele sikioni, na upepo unakula nusu ya maneno. Mama mmoja aliyekuwa akivusha mbuzi alidhani tunagombana kweli, akatupungia mkono tutulie. Tulicheka mpaka Ouma akakaribia kuingia mtaroni.

Saa tatu tulikuwa Genkuru, tukiagiza chai na maandazi. Ng'ambo ya mashamba ya mahindi ulionekana mlima wa kifusi cha mgodi, umekwenda juu ngazi kwa ngazi. Niliruka kutoka kwenye benchi.

"Ouma, ile pale! Sura ya piramidi kabisa, na hakuna mfalme ndani!"

Muuza chai alinitazama kwa huruma. "Ile ni mawe tu, mwalimu. Nani azikwe kule?"

Bao moja kwangu! Ouma alimeza andazi lake bila haraka. "Kunywa chai," alisema. "Bado hatujavuka mto."

Mto Mara ulikuwa umejaa, maji yake mekundu kwa udongo. Darajani Ouma alipunguza mwendo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliacha kubishana, akawa anayatazama maji. Nilidhani nimemmaliza.

Saa tano tuliingia kwao. Mama yake alitoka jikoni akifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye huyu mwenye piramidi?"

Alitulisha ugali wa mtama na kuku, kisha akanipeleka ubavuni mwa nyumba, kwenye kaburi la mumewe. Lilikuwa la saruji, lenye msalaba na jina lake. Nilivua kofia, nikasali. Halafu nikauliza kama mzee alifia nyumbani au hospitali.

"Mzee alichukuliwa na mto," alisema. "Alikuwa anavusha ng'ombe. Tulimtafuta wiki mbili. Hayumo humu, mwalimu."

"Sasa humu mna nini?"

"Yago." Alinionyesha mti nyuma ya zizi, unaoning'iniza matunda marefu, mazito kama michi ya kutwangia. "Sisi Wajaluo, mtu asipopatikana, tunazika tunda la yago. Mchungaji alikuja, tulilia, tuliimba, ng'ombe alichinjwa."

Ushahidi wenyewe ulikuwa huu! Lakini mazoea yana taabu, nikabisha hapo hapo: "Mama, tunda si mtu. Huoni kama mnajidanganya?"

Ouma alinikanyaga mguu. Mama yake hakukasirika hata kidogo.

"Tunda nalijua, mwanangu, mimi ni mkulima. Kabla hatujazika, mbwa akibweka nafungua mlango. Kila siku nafungua. Tulivyozika, mbwa anabweka, mimi nalala. Haya, wewe umesoma, niambie: hili ni kaburi au siyo?"

Nilifikiria mlango wetu kule Nyasa, nikaona aibu, aibu ya kweli.

Jumapili tulirudi. Darajani nilimwomba Ouma asimame, nikampigia Mama.

"Mama, lile kaburi la Tobia. Tujenge."

"Nani amekushinda?" akauliza.

"Mama yake Ouma."

"Msalimie sana," alisema, nami nikasikia anacheka na kulia pamoja.

Jumatatu nilikiri mbele ya kidato cha tatu. Niliwaambia kuwa piramidi tutaendelea kuzibishania, maana maswali bado yapo, ila hoja yangu ya jeneza tupu imekufa na nimeizika mwenyewe. Meza zilipigwa kuliko siku zote, safari hii kwa Ouma.

Likizo ya Juni nilifika nyumbani. Tulizika shati la Tobia la kanisani kando ya kaburi la Baba, na ukoo mzima ukaimba. Giza lilipoingia Mama aliniambia nifunge mlango. Komeo lilikuwa limeshika kutu. Nililigonga kwa nyundo mara tatu ndipo likaingia.