Babu Anaenda Nyumbani

Nyapara wetu alikuwa na mdomo mchafu kuliko sakafu za vizimba, na sakafu hizo nazijua, maana nilizisugua mimi. Kabla hatujanywa chai alikuwa ameshapita kizimba kwa kizimba, amepindua masikio kutafuta kupe, amenusa kila bakuli na kumtukana aliyeliosha. Mbwa walimpenda mama huyo. Sisi binadamu tulimwogopa kama ukoma.

Neno moja alilipiga marufuku: kuua. Makao yetu yalikuwa madogo, mbwa waliookotwa barabarani walikuwa wengi, na aliyezeeka au kuugua bila kupata wa kumchukua alipigwa sindano ya mwisho katika chumba cha nyuma. Wageni waliokuja kuchagua mbwa hawakutakiwa kusikia hayo. Basi aliyechukuliwa tulisema "amepata mtu", na wa sindano tulisema "anaenda nyumbani". Mfagiaji aliyeropoka mbele ya wageni kwamba yule pale ni wa kuuawa alifukuzwa kazi papo hapo, ndoo bado iko mkononi.

Na agizo la Nyapara halikuulizwa mara mbili. Daktari wa mbwa, mtu mpole asiye na makuu, aliwahi kumwuliza kama ana uhakika kuhusu jike mmoja. Nyapara akamwuliza, sote tukisikia, kama shuleni alisomea udaktari au ukasuku. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tangu hapo daktari alitii na kunyamaza.

Mbwa mmoja tu alimteka moyo. Tulimwita Babu, dume lililochakaa, lenye sikio moja na meno ya kuhesabu, lililomfuata Nyapara kila alikokwenda. Mgeni akimtupia Babu jicho, Nyapara alimzulia magonjwa mpaka mgeni akanawa mikono. Alimtaka awe wake. Kikwazo kilikuwa mumewe, fundi viatu, aliyeapa kwamba mbwa hatakanyaga nyumba iliyojaa ngozi. Ni mpaka wezi walipovunja kibanda chake na kukomba viatu vya wateja ndipo mzee akalegea. Alimwambia mkewe apime shingo ya Babu kwa uzi, ili yeye fundi amshonee mkanda.

Siku ya kumchukua, Nyapara aliingia kazini akiimba. Nikadhani anaumwa. Alipita mlangoni kwa daktari, furaha imempanda kichwani, akasema bila kusimama:

"Babu leo anaenda nyumbani. Mtayarishe mapema."

Alikuwa na maana ya chanjo na dawa ya minyoo. Akamwacha Babu hapo, akaenda zake stoo kupokea magunia ya chakula, na huko akakaa asubuhi nzima akigombana na mwenye gari. Daktari aliniambia baadaye kwamba swali lilimfika kooni, akakumbuka kasuku, akalimeza. Alimpa Babu kipande cha nyama kwanza, kisha akamtayarisha.

Nyapara alipotoka stoo alikuta kizimba cha Babu kimeshaoshwa. Alimfuata daktari, akamwuliza mbwa wake yuko wapi.

"Si ulisema anaenda nyumbani?" daktari akajibu taratibu.

Nyapara hakutukana. Alikaa chini kwenye maji ya sabuni, akalia kwa sauti, na mbwa wote wakaanza kubweka. Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini nyuma yangu kuna aliyenong'ona kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kuna waliocheka.

Jioni fundi viatu alisimama getini, amevaa shati la kutokea, mkanda mpya wa ngozi mkononi. Ulikuwa umeng'arishwa hata kifungo chake. Mkewe alipotoka, mzee alichungulia nyuma yake.

"Mwenzetu yuko wapi?"

Nyapara alifungua mdomo. Miaka yote alikuwa amejifunza, na kutufunza sisi, jibu moja tu.

"Ameenda nyumbani."

Mzee akageuka, akaitazama barabara.

"Peke yake? Kwani njia anaijua?"