Tangi Nililolisafisha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposafisha kitu kilichokuwa hai nikidhani ni uchafu. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha rangi za nguo hapa Kisumu, kijana wa kupanga chumba mtaa wa Migosi, mjuaji kupita umri. Mapipa niliyahesabu mara mbili, na hesabu zikipatana ndipo niliposhuku zaidi.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na tangi. Maji yaliingia mekundu, yakatoka karibu meupe kuelekea kijito kinachomwaga ziwani. Ndani mlikuwa na tope la kahawia, na pampu ikilipulizia hewa. Mama Akinyi, mwangalizi wake, alikuwa amesafiri kwenda Katito matangani, na wageni wakubwa walitarajiwa. Nikamwaga klorini tangini kuondoa harufu. Nikajipongeza.

Kesho yake maji yakatoka mekundu vilevile yalivyoingia. Mama Akinyi akarudi, akachota tope, akalinusa, akafunga bomba. Kiwanda kikasimama.

"Umeua wafanyakazi wangu," akasema.

"Wafanyakazi gani, Mama? Mimi nimeona matope tu."

"Hao hao matope. Ni vijidudu, wanakula rangi. Wewe unakula klorini?"

Akanituma kijitoni nikawaambie kina mama wasichote maji ya kunywa, na niseme ni kosa langu. Nikasema. Mmoja akatazama mavazi yangu: "Bwana, hilo shati jeupe hukulifulia huku, eeh?"

Tukaleta samadi yenye vijidudu hai kutoka machinjioni, tukaanza kuwalea upya, tukiwaonjesha rangi kidogo kidogo. Mama Akinyi alisema itachukua mwezi.

"Fanya wiki mbili, Mama."

"Kaongee nao wewe. Wakikubali, niite."

Kila asubuhi nilisimama pale. Nilitaka kuwahesabu, nikakosa pa kuanzia. Siku ya thelathini na tatu akajaza glasi mbili. Ya maji yanayoingia ilikuwa nyekundu kama damu. Kupitia glasi ya maji yanayotoka, niliona vidole vyangu upande wa pili. Waliofanya kazi ile sijawaona kwa macho haya mpaka leo. Nywele zilinisimama, mwanangu, nikamwomba Mama Akinyi anieleze tena. Waulize wanaonijua hilo hutokea mara ngapi.

Basi usiguse kazi usiyoielewa kwa sababu tu inanuka. Muulize kwanza anayeilea. Na ujue kuna vitu havipatani bei: vinataka hewa, chakula na siku zao kamili.

Mungu akupe subira, na macho ya kustaajabu kabla mkono haujaharibu. Watoto wako wanywe maji safi, na wasikose wa kuyasafisha.