Magoli Tisa kwa Mashemeji

Mke wangu nilimuoa kutoka kijiji cha pwani ambacho timu yake na timu yetu zinakamiana tangu sisi hatujazaliwa. Sisi ni watu wa shamba, upande wa Mtambile, Pemba, watu wa karafuu. Wao ni wavuvi. Siku ya posa, wazee walipokwisha kukubaliana, kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa kipa wao, alinivuta kando akaniuliza kwa uso mkavu kama naoa kwao ili nipate siri za timu. Nikamwambia timu yenu haina siri, ina kipa mbovu tu. Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Nyumbani kwetu mwaka ulikuwa na sikukuu tatu: Idi mbili, na mechi. Vijiji hivi viwili vilikutana mara moja kwa mwaka kugombea mbuzi mmoja, ambaye hata aliyefungwa humla. Mimi na mke wangu tulifuatana njiani mpaka uwanjani, kisha yeye akaenda kwa watu wake na mimi kwa wangu. Wakishinda wao, basi nitaelezwa goli lao wiki nzima, akipaa samaki, akianua nguo, hata nikiwa natia udhu. Tukishinda sisi, namlipa vilevile, naye hununa siku mbili kisha hucheka mwenyewe. Nimeishi naye miaka kumi na tisa. Nikiulizwa ndoa yetu imeshikwa na nini, nitataja watoto, halafu nitataja mechi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mgeni asingelijua. Tarehe ya mechi haikupangwa na upande mmoja. Katibu wetu alikwenda pwani, au katibu wao alikuja kwetu, wakakaa wakapiga hesabu: lini vijana wa shamba watakuwa wamemaliza kuchuma karafuu, lini wavuvi watakuwa wamerudi kutoka dago, yaani kambi zao za uvuvi za mbali. Ilikuwa aibu kumfunga mwenzio watu wake hawapo. Na katibu wetu, kwa miaka mingi, nilikuwa mimi.

Kisha akaja tajiri. Hakuwa mgeni, nilisoma naye darasa moja. Ukoo wao ulitoka Omani zamani, na babu yake alikuwa na mikarafuu ya bonde hili na bonde la pili. Yeye mwenyewe alifanya biashara bara, Mungu akamjaalia, akarudi akitaka kuwafanyia watu wake jambo. Akasawazisha uwanja. Akaleta jezi, akaleta viatu, akaweka mabenchi ya watazamaji. Mimi ndiye niliyempeleka kwa wazee nikamsifu mpaka mate yakanikauka.

Haukupita mwaka tukawa na wachezaji wa kukodiwa, kutoka Unguja na kutoka bara. Walikuwa vijana wenye adabu, wanakaa nyumba moja, wanafanya mazoezi asubuhi na jioni, na mkarafuu hawaujui hata ukiwasimamisha chini yake. Vijana wetu wakawa wachezaji wa akiba, kisha wakawa watazamaji. Tukaanza kushinda kila timu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilitembea kijijini kifua mbele kana kwamba magoli nafunga mimi.

Mwaka huo tajiri alikuwa na wageni wake kutoka bara, akataka mechi ya mashemeji ichezwe wageni wakiwepo. Akanitajia siku, akaniambia niandike barua. Nilijua siku hiyo nusu ya wanaume wa pwani wako dago. Nilijua vizuri sana. Niliandika, nikatia saini, na nyumbani nikasema tarehe imepangwa na wakubwa.

Wangeweza kukataa, lakini waliogopa itasemwa wamekimbia. Walikuja na waliobaki kijijini: waendesha bodaboda wawili, mwalimu wa madrasa, wanaume wenye vitambi. Na golini akasimama shemeji yangu, aliyeacha kudaka miaka sita nyuma kwa sababu ya goti.

Tuliwafunga tisa. Baada ya goli la tatu hakuna aliyeshangilia, hata upande wetu. Kwetu Pemba tunao mchezo wa ng'ombe, vijana wakimchokoza uwanjani, na raha yake yote ni kwamba ng'ombe naye ana pembe. Siku ile ilikuwa kama kumtazama ng'ombe aliyekatwa pembe. Wageni wa tajiri walianza kuangalia simu zao. Vijana wetu wa kukodiwa waliendelea kufunga, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi waliyoitiwa.

Kipindi cha pili nilimwona mke wangu anazunguka uwanja peke yake. Alikwenda kusimama nyuma ya goli la kaka yake. Kila mpira ulipoingia, aliuokota yeye, akamkabidhi mkononi, ili asiiname na lile goti lake. Mara nne nilimwona akifanya hivyo. Hakunitazama hata mara moja, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi yake, akinipa chai, aliniuliza, "Wewe ulikuwa waijua hino siku?"

Nikasema ndiyo.

"Haya," akasema.

Ikawa ndiyo hiyo haya. Hakuninunia, wala hakuninyima chakula. Alinihudumia kama anavyohudumiwa mgeni, kwa heshima zote, na jambo hilo lilinitesa kuliko matusi. Nilimtania mara mbili tatu juu ya mambo mengine, akatabasamu kidogo kwa adabu. Nyumba ikawa kimya, nami nikajua kwamba nimempoteza mtu aliye ndani ya nyumba yangu.

Uwanjani nako watu wakapungua. Siku moja, alasiri, tulikuwa tunaongoza magoli matano na watazamaji hawakujaza mabenchi mawili. Tajiri alikuwa kwenye kiti chake, peke yake. Aliniita nikae.

"Watu wako wapi, mwenzangu?"

Nikamwambia watu wanajua matokeo kabla hawajatoka majumbani kwao, sasa waje kutazama nini. Akanieleza jambo ambalo sikulijua, ingawa tulikaa dawati moja. Tulipokuwa wadogo, baba yake alimkataza kucheza nasi. Sisi tulicheza pekupeku nyuma ya skuli, yeye alikuwa ndani na kitabu, akitusikiliza.

"Mie nilizitaka zile kelele," akasema. "Nimenunua kila kitu, kelele sikuzipata."

Nilimhurumia sana. Nilikuwa nimemlaumu kimoyomoyo miezi mingi, na barua ile niliiandika mimi kwa mkono wangu. Nikamweleza habari ya dago, ya goti la shemeji yangu, na ya mke wangu nyuma ya goli. Akaniuliza yeye afanye nini. Nikamwambia mechi ya mashemeji wacheze wenyeji watupu, na siku ipangwe na pande mbili. Timu ya ligi ibaki yake, aifanye atakavyo. Alifikiri mpaka mpira ukaisha, akakubali.

Nikaenda pwani kwa baiskeli. Shemeji yangu alikuwa barazani kwake. Aliitikia salamu yangu, akaniacha nimesimama pale na baiskeli yangu kwa muda mrefu, na nilistahili. Nilimwambia nimekosa. Hakuligusa neno hilo. Mwishoni akasogea, akanipisha kwenye mkeka.

"Watu wenu watamaliza lini kuchuma, shemegi?"

Nikakaa, nikaanza kumhesabia siku.

Mechi ilichezwa karafuu zimekauka na wavuvi wamerudi. Watu walijaa hadi juu ya miti. Wachezaji wa kukodiwa walikaa chini mstari mmoja kama watoto wa chuo cha Kurani, na mmoja wao, haini yule, alikuwa akiwashangilia watu wa pwani. Tulifungwa moja bila. Mpira wa kona ulimgonga beki wetu mgongoni ukaingia. Tajiri hakukaa kwenye kiti chake tena, na mechi ilipokwisha hakuwa na sauti ya kusemea.

Njiani kurudi mke wangu alitembea nyuma yangu, kimya kwanza. Halafu akaanza. Kona ile, mgongo ule, kipa wetu alivyoruka upande usio wake kama kuku aliyemwagiwa maji. Nilikaza uso nikatazama chini kama mtu aliyefiwa, maana niliogopa nikicheka ataacha. Alipomaliza nikamuuliza, kwa hasira niliyoitafuta, mpira ulimgonga nani hasa, ingawa nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale. Akaanza tena tangu mwanzo.